Tuokote Takataka, Majani Tuyaache: Hotuba kwa Wakazi wa Kando ya Kijito, Moshi, Wiki ya Maji

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa kata, Mwenyekiti wetu wa mtaa, mabalozi, walimu wenzangu, wazee wetu, kina mama na kina baba, nanyi wanafunzi mliokaa hapo mbele: shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi katika Wiki hii ya Maji nizungumzie kijito chetu. Habari za mabomba, mita na ankara watazieleza wenzetu wa maji watakaofuata. Mimi nimeomba nizungumzie wakazi wengine wa hapa, wale wasiokuja mkutanoni: viumbe wanaojitokeza kandokando ya kijito hiki kila mwaka masika yanapoanza kugonga mabati yetu. Na ninalolitaka nitalisema tangu sasa, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa jibu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, tutakapotoka kufanya usafi, naomba tuokote takataka zote, ila majani ya ukingoni tuyaache. Mapanga na mafyekeo yasiguse ukingo.

Najua ni ombi gumu kwa watu wa Moshi. Mji wetu umejijengea jina nchi nzima kwa usafi, umechukua tuzo mara nyingi, na mtu wa hapa hata akisafiri hujitambulisha kwa hilo. Mtoto wa Moshi anajua tangu shule ya msingi kwamba kufanya usafi ni kufagia, kuokota na kufyeka. Kufagia na kuokota sina ugomvi nako. Nina ugomvi na kufyeka, tena pale mtoni, tena mwezi huu.

Nianze na mwezi wenyewe. Machi ndipo mvua za masika zinapoanza kushuka, na Aprili ndio mwezi unaotunyeshea kuliko yote. Lakini kijito hakingojei mvua ifike mjini. Huko juu msituni, upande huu wa kusini wa Kilimanjaro, mvua ni nyingi ajabu. Mahali penye mvua nyingi kabisa, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, hunyesha kiasi cha milimita 3,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mnaweza kuamka asubuhi, jua linawaka, barabara ni vumbi tupu, na maji ya kijito yamebadilika rangi na kuanza kupanda. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya kilele cha Kibo. Theluji inachangia kidogo sana. Mito yetu ni watoto wa msitu ule tunaouona kutoka hapa, na ndiyo sababu mwaka 2005 msitu wote uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Viumbe wanayajua mabadiliko hayo mapema kuliko sisi. Wiki hizi dudumizi ameanza. Mnamjua: ndege mkubwa, mabawa ya kahawia, anaruka kwa uzito utadhani hajafundishwa vizuri, na anapenda kukaa ndani ya kichaka asionekane. Mtamsikia alfajiri, sauti inashuka taratibu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Bibi zetu walikuwa wakimsikia wanasema mvua iko njiani, kisha wanakwenda kutazama mbegu za maharage. Naye dudumizi kiota chake huweka humohumo, ndani ya majani marefu, chini, karibu na maji. Ukifyeka Machi, humfukuzi tu. Unamwaga mayai yake.

Halafu kuna kwera, wale ndege wa njano wenye kelele. Hawa ningependa tukae nao kidogo, kwa sababu wako hapo kwenye matete upande wa daraja la miguu, na mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kuwaangalia baada ya vipindi bila kulipa kiingilio. Dume ndiye fundi. Anakwenda kwenye jani la mgomba au la tete, anaking'ata kipande pembeni, anaruka nacho, na jani linachanika lenyewe kwa urefu. Ule utepe mbichi ndio kamba yake. Anaanza na duara moja tu linaloning'inia, anasimama ndani yake, na kutoka hapo hahami: anasuka mbele yake hadi mdomo unapofika mwisho, kisha anageuka anasuka nyuma. Kiota kikikamilika, anajining'iniza chini yake akipigapiga mabawa na kupiga kelele kumwita jike. Jike anaingia, anavuta hapa, anang'ata pale. Asiporidhika anaondoka. Na kiota kikikauka na kugeuka rangi kabla hakijapata mwenyewe, dume anakifumua na kuanza upya kwa majani mabichi. Haya yote yanafanyika juu ya maji, kwenye ncha ya tawi jembamba, ili nyoka akijaribu kufika tawi limsaliti. Mkiangalia vizuri mtamwona pia ndege mwingine mdogo, mgongo wa kijani unaong'aa, anayezungukazunguka pale akivizia. Huyo ni mmoja wa jamii ya kekeo. Hajengi. Anataga kwenye kiota cha kwera na kumwachia kazi ya kulea.

Watoto wangu, haya hayamo tu kwenye kitabu cha sayansi. Yanatokea leo mchana, mita chache kutoka mlipokaa.

Fundi chuma naye yuko. Yule ndege wa kahawia, kichwa kimechongoka nyuma kama nyundo, anayetembea kwenye maji ya kina kifupi akikoroga tope kwa mguu. Kiota chake kiko kwenye mkuyu mkubwa, na mgeni akikiona hudhani ni mzigo wa kuni ulionasa juu ya mti baada ya mafuriko. Kiota cha ndege huyu hufikia mita 1.5 kwa upana, kimejengwa kwa maelfu ya vijiti na matope, na mlango uko pembeni chini. Wazee wengi walikataza kumgusa ndege huyu wala kiota chake. Sababu walizotoa ziliogopesha, na matokeo yake yalikuwa mazuri, kwa sababu akihama, wengine wanarithi: bundi, kenge, bata, hata nyuki. Nyumba moja inahudumia ukoo mzima wa wageni. Na anaishi kwa nini? Kwa vyura na viluwiluwi. Hivyo mkuyu ukibaki lakini vyura wakiisha, fundi chuma anaondoka vilevile.

Vyura sasa. Mvua kubwa ya kwanza ikishapiga, usiku wake hamlali kwa kelele zao, na najua wapo wanaokereka. Lakini shukeni asubuhi yake mkaangalie kwenye maji yaliyotulia pembeni, pale majani yanapoingia ndani. Mtaona nyuzi ndefu za utelezi zimezungushwa kwenye mashina, na ndani yake madoa meusi yamepangana mstari. Kila doa ni yai. Jike mmoja wa yule chura mkubwa mwenye ngozi ya vipelepele hutaga maelfu kwa usiku mmoja. Baada ya siku chache wanatoka viluwiluwi, kisha miguu ya nyuma inaota, kisha ya mbele, mkia unamezwa na mwili, na kabla masika hayajaisha wanapanda ukingoni vichura vidogo vinavyoweza kukaa juu ya ukucha wako. Wakifika ukingoni wanahitaji unyevu na kivuli. Wakikuta udongo mtupu uliofyekwa, jua la saa tano linawamaliza.

Chura anavuta hewa na maji kupitia ngozi yake. Chochote kilichomo kwenye kijito kinaingia mwilini mwake. Ndiyo maana naomba sana, ndugu zangu mnaolima mboga hapo chini, pampu ya kupulizia dawa isioshwe kijitoni. Ioshee shambani, maji yake uyamwage palepale ulipokuwa unapuliza. Na vijana wetu wa bodaboda, nawaheshimu kwa kazi yenu, lakini pikipiki ikioshwa ndani ya maji, ile oili haiendi mbali. Inabaki na vyura, na inashuka kwa wenzetu wanaolima mpunga kule Lower Moshi, ambako mashamba yananyweshwa kwa maji ya mito ya Njoro na Rau.

Sasa nimfikie yule ninayempenda kuliko wote, ambaye wengi hamjawahi kumtazama kwa dakika mbili: kaa wa mtoni. Yuko chini ya mawe hapa kwetu, rangi ya tope, anakimbia upande. Kaa wa baharini hutoa watoto wadogo wasiofanana naye, wanaoelea na mawimbi na kubadilika mara kadhaa ndipo wawe kaa. Wa mtoni hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa maji yangewabeba hadi bondeni. Jike anabeba mayai chini ya tumbo, kwenye mkunjo mpana, na yakianguliwa wanatoka kaa kamili, wadogo sana, wenye magamba laini, na anaendelea kuwabeba humo. Siku moja asubuhi mwanafunzi aliniletea jike mkononi akasema, mwalimu, huyu ana uchafu tumboni. Tukamgeuza. Uchafu ule ulikuwa unatembea. Watoto wamejazana, kila mmoja ana macho yake na koleo zake. Tulimrudisha pale alipotolewa, chini ya jiwe lilelile, na mwanafunzi yule hajaacha kushuka kijitoni tangu siku hiyo.

Nawaeleza hili kwa sababu kaa na wadudu wadogo wa majini ni ushahidi. Wataalamu wa mito hapa nchini wana kipimo kinachoitwa TARISS, ambacho huupa mto alama kwa kuangalia viumbe wadogo wanaoishi kwenye mawe na majani yake. Viumbe wengine hawavumilii maji machafu hata kidogo, kama yule mdudu bapa mwenye mikia mitatu membamba anayeng'ang'ania chini ya jiwe. Wengine, kama vile viwavi vyekundu vya kwenye tope, huvumilia karibu kila kitu. Ukikuta vyekundu peke yake, mto unaumwa. Huhitaji maabara kuanza. Geuza jiwe, tazama, lirudishe jinsi lilivyokuwa.

Na sasa niwaombe tulinganishe. Juu ya daraja la miguu, ukingo una mkuyu, mringaringa, msesewe mmoja ambao nadhani umenusurika kwa sababu gome lake linatakiwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, halafu matete na magimbi. Chini ya daraja, kipande kile kilifyekwa chote hadi kwenye maji, na watu wakasifu kwamba pamependeza. Nendeni mkapaone leo. Ukingo umeanza kumeguka, udongo unaingia majini kila mvua inaponyesha, mawe yamefunikwa na tope. Juu, maji yana kivuli na ni ya baridi. Geuza mawe machache utapata kaa, utapata wale wa mikia mitatu. Chini, ni viwavi vyekundu. Maji ni yaleyale, yamepita tu pasipo na majani. Tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya yetu. Mizizi ya matete na mikuyu ndiyo inayoshikilia ukingo siku kama zile, na mzizi haushikilii kitu ukishakufa.

Nasikia kina mama hapo nyuma wakinong'ona: mwalimu, na mbu je? Na nyoka?

Ni maswali ya haki, kwa kuwa tuna watoto. Kuhusu mbu, yule anayeeneza malaria sana kwetu hupenda madimbwi madogo yaliyo wazi kwenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya kufyatulia tofali. Kijito kinachotembea, chenye kivuli, chenye samaki na viluwiluwi vya kereng'ende, si mahali pake. Kereng'ende akiwa bado majini hula viluwiluwi vya mbu, na akishapata mabawa hula mbu wenyewe angani. Kwa hiyo tukitaka kupunguza mbu, Jumamosi tufukie madimbwi na tukusanye vifuu, makopo na matairi yanayotuama maji. Hapo tutakuwa tumepiga palipo.

Kuhusu nyoka sitawadanganya. Wapo. Njia za miguu na sehemu za kuchotea maji zifyekwe vizuri, upana wa kutosha watoto kupita wawili wawili, na anayeingia kwenye majani avae buti. Lakini njia ni njia, na ukingo ni ukingo. Na yule kenge mrefu anayewatisha watoto, hana sumu ya kumuua mtu na hana haja na mtoto. Anatafuta mayai, kaa na vyura. Mwacheni apite.

Wapo pia wanaotupitia tu. Mbayuwayu mnaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme jioni hizi wanajiandaa kuondoka. Ni ndege wa gramu 20 hivi, na kati ya sasa na Aprili wataruka maelfu ya kilomita hadi Ulaya na Asia, kuvuka Sahara, kwenda kuzaa. Huko, siku mtu anapomwona mbayuwayu wa kwanza, anajua baridi imekwisha na majani yanaanza kuchipua. Mafuta ya safari hiyo wanayapata hapa kwetu, kwa wadudu wanaotoka kwenye kijito na kwa kumbikumbi wa mvua za kwanza. Wakati mwingine makundi ya keremkerem wa Ulaya hupita juu sana, utawasikia kabla hujawaona, nao wanaelekea hukohuko.

Na kijito hiki hakiishii kwetu. Kinaingia Mto Rau, unaopita kwenye Msitu wa Rau, pale ambapo bado ipo mivule mikubwa ambayo watu kadhaa hawawezi kuizungusha mikono, na mbega weusi wenye mkia mweupe, ambao watoto wao huzaliwa weupe mwili mzima. Msitu ule unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, katikati ya mashamba na nyumba. Mbele zaidi, maji ya mito yetu hii ya mlimani yanakusanywa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Pampasi iliyotupwa hapa Moshi ina safari ndefu mbele yake, nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeziona zimenasa kwenye matete yaleyale ya kwera.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukisema ukweli, wengi wetu nyumba na migomba yetu imo ndani ya mita hizo, na viwanja vyetu ni vyembamba. Mimi sikuja hapa kumtisha mtu na nyumba yake. Mambo hayo yana vyombo vyake. Ninaloliomba ni dogo na liko ndani ya uwezo wetu: hatua kumi kila upande wa kijito zisifyekwe, zisilimwe, zisichomwe moto, kuanzia leo hadi Juni inapokwisha, vifaranga viruke na vichura vipande. Mwenye magimbi yake pale ayachimbe kwa jembe dogo bila kung'oa matete ya jirani. Anayekata majani ya ng'ombe akate guatemala ya juu, si ya ukingoni. Anayechota mchanga aache kingo zilizosimama wima, maana mle ndani ndege aitwaye mdiria huchimba tundu linaloweza kuzidi mita 1, na mayai yako mwisho wa tundu hilo.

Kwa upande wa shule, tumekubaliana na walimu kwamba ubao mmoja utawekwa nje ya ofisi ya mtaa. Yeyote atakayeona kitu kijitoni, mtoto au mzee, aandike: ameona nini, wapi, siku gani. Asiyejua jina aeleze tu rangi na alichokuwa akifanya. Wazee wangu, tunawahitaji hapa kuliko mtu mwingine yeyote. Ninyi mnakumbuka kijito hiki kabla ya nyumba hizi, mnakumbuka mfongo, ule mfereji wa maji, uliotoka hapa kwenda vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, na nani alikuwa akiusimamia, mnajua ni samaki gani walikuwepo na ni ndege gani hawaji tena. Wanafunzi watawatembelea na madaftari. Waambieni na majina ya Kichaga.

Jumamosi basi. Tukutane darajani saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mje na glavu, magunia na reki. Vijana wawili watasimama kila upande wakiwa na kamba kuonyesha mpaka wa hatua kumi. Ndani ya kamba tunaingia kwa mikono tu, tunatoa chupa, pampasi, nguo na mabati, na tukikuta kiota tunakizunguka. Nje ya kamba, fyekeo ruksa. Gari la taka Mwenyekiti atalieleza yeye mwenyewe, na naona ameshasimama.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.